Maswali ya Wasomaji: Fedha ya Umma Hukwamia Wapi Kabla ya Kufika Kijijini?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: serikali inasema imetoa, mwananchi anasema hajaona. Tumechagua sita. Nyingine zilirudia maswali haya haya, na wenye barua hizo watapata majibu yao humu.

Tunaambiwa elimu ni bila malipo tangu 2016. Mwalimu mkuu wetu anasema ruzuku haitoshi, na kila muhula tunachangishwa. Nimechaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya shule. Nitajuaje kama anasema kweli? *Mzazi, Kilosa*

Huenda anasema kweli tupu, dada yetu, na kalamu na karatasi zinatosha kukuonyesha hilo kabla hujamshuku.

Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Ikiwa shule yenu ina watoto 640, zidisha kwa 6,000: unapata 3,840,000 kwa mwaka, yaani 320,000 kwa mwezi. Humo itoke chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, dawati lililopasuka na nauli ya kwenda halmashauri. Kiwango cha 10,000 ni cha enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilipokaribia dola 10 za Marekani. Leo hakifiki dola 5. Huo ni uamuzi wa kisiasa uliofanyika kwa kukaa kimya: hakuna aliyesimama bungeni kupunguza ruzuku, iliachwa tu imomonyoke.

Sasa kazi yako ya ujumbe. Omba vitu vitatu: takwimu za wanafunzi zilizotumika kukokotoa ruzuku, taarifa ya benki ya miezi 12, na hati za malipo zikiwa na stakabadhi zake. Vilinganishe. Kasoro tunazokutana nazo mara nyingi ni hizi. Kwanza, ruzuku hukokotolewa kwa idadi ya mwaka uliopita wakati Januari darasa la kwanza limefurika, hivyo shule inalisha watoto 700 kwa fedha ya 600. Hapo hakuna mwizi. Kuna takwimu zilizochelewa, na dawa yake ni kuzihuisha kupitia afisa elimu kata. Pili, fedha imetumika bila muhtasari wa kamati. Tatu, na hili ndilo la kuangalia kwa makini, michango ya wazazi na ruzuku zimelipia kitu kilekile: ukarabati mmoja wa choo una stakabadhi kwenye faili la ruzuku na nyingine kwenye daftari la michango.

Somo kubwa la jambo hili lilitoka Uganda. Mwaka 1996 watafiti walifuatilia ruzuku ya shule za msingi kwa miaka ya 1991 hadi 1995 katika shule 250, wakakuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ya fedha isiyo ya mishahara ndiyo iliyofika. Nyingine iliishia ngazi ya wilaya, na shule nyingi hazikupata chochote wala hazikujua kwamba zilikuwa na haki ya kupata. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kilichofika. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Si gazeti peke yake lililofanya kazi hiyo, kwa kuwa wakati huohuo kulikuwa na mageuzi mengine ya fedha na elimu bure ilikuwa imeanza. Lakini mzazi anayeijua hesabu ya kila mtoto si mtu wa kudanganywa kirahisi.

Kwa hiyo ubao wenu wa matangazo uonyeshe tarehe fedha ilipoingia, kiasi, idadi ya wanafunzi na matumizi. Ukiandika jumla bila idadi ya wanafunzi, mzazi hana cha kuzidisha. Mjumbe wa kamati anaomba nyaraka kwenye kikao na ombi lake linaingia kwenye muhtasari. Mwananchi wa kawaida anaweza kuandika barua chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Na kuhusu michango: ni ya hiari. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachanga.

Kila bajeti tunasikia uchumi umekua asilimia tano. Mbona mfukoni hatuoni? *Fundi seremala, Singida*

Toa kwanza ongezeko la watu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, wakiongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Uchumi ukikua kwa 5, kwa kila mtu umekua kwa chini kidogo ya 2. Kisha uliza umekua wapi. Dhahabu na ujenzi wa miundombinu huinua tarakimu haraka lakini huajiri wachache. Kilimo kilichobeba watu wengi zaidi hukua polepole. Seremala wa Singida anauza vitanda kwa wakulima, kwa hiyo kipimo chako ni bei ya alizeti kuliko hotuba ya bajeti.

Kijiji chetu kilijenga zahanati kwa nguvu zetu hadi lenta mwaka 2017. Halmashauri iliahidi kupaua. Mpaka leo ni boma. Tatizo ni nini hasa? *Mwenyekiti wa kitongoji, Tunduru*

Mzee wetu, boma lenu lina matatizo mawili, moja la ukutani na moja la fedha, na huwa hayatenganishwi.

La fedha kwanza. Utaratibu wa "wananchi wafike lenta, halmashauri imalizie" unategemea mapato ya ndani ya halmashauri. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 40 ya mapato hayo kwa maendeleo, na zaidi kwa zile zenye mapato makubwa, na kuna asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Halmashauri ya vijijini hutegemea ushuru wa mazao. Mwaka 2017, mwaka uleule mliofika lenta, Sheria ya Fedha ilipunguza ushuru huo kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kodi ya majengo nayo ilikuwa imeanza kuhamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA, mwaka 2016, na tangu Agosti 2021 hukatwa kwenye LUKU, yaani mtu anaponunua umeme. Mkulima alipata nafuu ya kweli kwenye ushuru, hatulipingi hilo. Lakini ahadi za kupaua hazikupunguzwa pamoja na mapato, na halmashauri zikabaki na maboma mengi kuliko mabati.

Mambo hubadilika fedha inapotoka Hazina. Mwishoni mwa 2021, kwa mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, vilijengwa vyumba vya madarasa 15,000 kwa shilingi milioni 20 kila kimoja, kwa miezi michache. Kwa hiyo uwezo wa kujenga upo vijijini. Ila kiwango kilikuwa kimoja nchi nzima, na saruji ya Mafia au Ukerewe inapanda chombo kabla ya kufika. Na vilijengwa vyumba vipya huku maboma ya zamani yakisimama jirani. Chumba kipya kina tarehe ya kuzinduliwa. Boma la wananchi linamkumbusha kiongozi ahadi ya mtu mwingine.

La ukutani. Ukuta usio na paa unakula mvua kila masika. Saruji ya viungo inamomonyoka, nyufa zinaanzia kwenye pembe za madirisha, na nondo za lenta zilizoachwa wazi zinashika kutu. Baada ya misimu mitano au sita mhandisi wa halmashauri anaweza kukataa kuweka kenchi juu yake, na ana haki. Mara nyingi pia hakuitwa kukagua msingi kabla haujafukiwa, kwa hiyo hana cha kusaini.

Fanyeni hivi. Mwombeni mhandisi kwa barua akague boma na kuandika makadirio ya kumalizia, pamoja na gharama ya kubomoa sehemu mbovu. Bila karatasi hiyo hamna mradi, mna malalamiko. Peleka makadirio kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukutana kila miezi mitatu, yaandikwe kuwa kipaumbele cha kwanza, si cha saba. Muhtasari upelekwe kwa Mtendaji wa Kata uingie Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri. Lifanyike kabla ya Desemba. Bunge la Bajeti huanza Aprili, na mwezi huo mipango ya halmashauri imeshafungwa. Diwani akikuambia mwezi Mei kwamba "ataliingiza", mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai umeshakupita.

Jambo la mwisho, nalo linaumiza: ulizeni mapema kuhusu watumishi. Jengo ni la halmashauri, lakini kibali cha ajira ya mganga na muuguzi hutoka serikali kuu. Zahanati iliyopakwa rangi bila muuguzi hufungwa kwa kufuli jipya.

Zahanati yetu haina dawa. Kaunti inasema pesa hazijatoka Nairobi, Nairobi inasema kaunti inatumia vibaya. Mwananchi amwamini nani? *Mhudumu wa afya wa kujitolea, Kilifi*

Asimwamini yeyote kabla ya kuona tarakimu, na Kenya tarakimu zipo wazi kuliko nchi nyingi za jirani.

Katiba ya 2010, kifungu cha 203, inataka kaunti 47 zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Mgao wa mwaka wa fedha 2024/25 ulikuwa shilingi bilioni 387.4. Hazina ikikusanya pungufu, mgao huchelewa, wakati mwingine kwa miezi. Hapo kaunti hulipa mishahara kwanza, na dawa husubiri. Kwa hiyo kaunti ina haki ya kulia.

Lakini kuna ugonjwa mwingine ambao kaunti hujiletea. Bajeti lazima isawazishe mapato na matumizi. Kila mwakilishi wa wadi anataka mradi wake uonekane kwenye kitabu, na jumla ya miradi inazidi pesa. Badala ya kufuta miradi, kaunti huongeza makadirio ya mapato yake yenyewe. Tuseme kaunti hukusanya milioni 300 kila mwaka, ikaandika itakusanya milioni 700. Hiyo tofauti ya milioni 400 ni barabara na madarasa ambayo mkandarasi atajenga bila kulipwa. Deni linahamia mwaka unaofuata, likiwemo deni la dawa, na msambazaji anasimamisha oda. Wananchi huona rafu tupu za dawa mwezi Februari, lakini shimo lilichimbwa mwezi Aprili uliotangulia.

Basi mkienda kwenye ushirikishaji wa umma, msiende kuomba daraja tu. Ombeni jedwali la miaka mitatu: mapato ya ndani yaliyokadiriwa na yaliyokusanywa. Limo katika ripoti za Msimamizi wa Bajeti. Pimeni pia viwango viwili vya sheria: angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Tarehe za kushika ni 1 Septemba kwa mpango wa maendeleo wa mwaka, 28 Februari kwa taarifa ya mkakati wa fedha ambako viwango vya kila idara hupangwa, na 30 Aprili kwa makadirio yenyewe. Anayekuja Mei kudai dawa anakuta idara ya afya imeshapewa kikomo chake Februari.

Na ulizeni kuhusu Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023. Inaruhusu kituo cha afya cha umma kubaki na pesa kinachokusanya badala ya kuzipeleka zote kwenye mfuko wa kaunti na kuzisubiri zirudi. Ulizeni kituo chenu kina akaunti yake, kamati inakutana, na nani anasaini.

Hapa kwetu malori ya shaba yanapita usiku na mchana. Sheria inasema wenyeji wana fungu lao. Ni kiasi gani na linapita wapi? *Mwalimu, Kolwezi*

Kanuni ya madini ya Kongo iliyorekebishwa 2018 inagawa mrabaha wa madini, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, hivi: kati ya kila dola 100, 50 ni za serikali kuu, 25 za jimbo, 15 za mamlaka ya chini yaliko machimbo, yaani komuni, sekta au utawala wa kichifu, na 10 ni za mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba hulipiwa mrabaha wa asilimia 3.5. Kobalti ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, na mrabaha wake ni asilimia 10. Kando ya hayo, kampuni hutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Watu wengi huchanganya mafungu haya mawili, na kiongozi asiye mwaminifu hufaidika na mkanganyiko huo: akiulizwa la kwanza anaonyesha shule iliyojengwa kwa la pili.

Fungu la 15 hulipwa na kampuni moja kwa moja kwenye akaunti ya mamlaka ya chini. Ubora wa sheria uko hapo, na udhaifu pia. Ubora ni kwamba halipitii Kinshasa. Udhaifu ni kwamba komuni iliyozoea bajeti ndogo hupokea fedha nyingi ghafla, ikiwa na mhasibu mmoja, na kwa miaka mingi ikiongozwa na mtu aliyeteuliwa kutoka juu badala ya kuchaguliwa na wakazi. Huyo humsikiliza aliyemteua. Ongeza mizozo ya mipaka pale shimo moja linapokaa juu ya mamlaka mbili, na kila moja inadai 15 nzima.

Mnachoweza kufanya ni kulinganisha karatasi tatu: malipo ambayo kampuni imetangaza katika ripoti za mpango wa uwazi wa madini, ITIE, kiasi ambacho komuni inakiri kupokea, na mpango wa maendeleo wa komuni wa mwaka huo. Kama karatasi ya kwanza na ya pili hazilingani, swali ni la benki. Kama zinalingana lakini ya tatu haipo, swali ni la kiongozi.

Kisima chetu kilizinduliwa wakati wa kampeni. Pampu ilikufa mwaka wa pili, na mgombea mpya anaahidi kuchimba kingine. Tukubali? *Katibu wa kikundi cha akina mama, Chemba*

Msikubali kabla hamjapata ripoti ya uchimbaji ya kile cha kwanza. Inapaswa kuonyesha kina cha kisima, maji yanaposimama kabla ya kusukumwa, yanaposhuka wakati wa kusukuma, na wingi wake kwa saa. Visima vya haraka ya uchaguzi huwa na kasoro moja ya kawaida: vimechimbwa na kupimwa mara baada ya mvua, maji yakiwa juu, na pampu ikatundikwa kwa kipimo hicho. Oktoba maji yakishuka, pampu inavuta hewa, mota inapata joto na kuungua. Kisima ni kizima, aliyekosea ni aliyekipima. Huenda mnahitaji mabomba machache ya kushusha pampu chini zaidi na kihisi cha kuizima maji yakipungua, kwa sehemu ndogo ya gharama ya kisima kipya.

Kisha njooni kwenye bei ya ndoo, maana hapo ndipo siasa inapoua maji kimyakimya. Tuseme mnauza ndoo 1,000 za lita 20 kwa siku, kwa shilingi 50. Mnapata 50,000 kwa siku, yaani 1,500,000 kwa mwezi. Jenereta ikila lita 8 za dizeli kwa shilingi 3,000, ni 24,000 kwa siku, 720,000 kwa mwezi. Walipeni wauzaji na mwendesha mtambo 450,000. Kinabaki 330,000. Kwa miaka miwili hiyo ni 7,920,000, na ndiyo inayonunua pampu bila kumngoja mtu. Mwanasiasa akitangaza jukwaani kwamba ndoo iwe shilingi 20, mapato yanashuka hadi 600,000 kwa mwezi. Hata dizeli hailipiki. Watu watashangilia miezi mitatu, kisha watarudi korongoni.

Kwa aliye maskini kabisa, mzee asiye na mtu au mgonjwa, wekeni msamaha wa majina yanayojulikana na kupitishwa mkutanoni. Ndoo 40 za bure kwa siku ni shilingi 2,000 tu. Mnaweza kuzibeba.

Tangu Julai 2019 miradi ya maji vijijini iko chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na uendeshaji uko kwa chombo cha watumia maji, mnachokiita CBWSO. Akaunti ya benki iwe ya chombo, si ya serikali ya kijiji, ili fedha ya pampu isije ikalipia mapokezi ya mgeni. Kitabu cha mauzo kisomwe pamoja na mita ya kisima kila mwezi: mita ikisema lita 600,000 zimetoka na kitabu kinaonyesha ndoo 22,000, zimekosekana ndoo 8,000. Tafuteni kwanza bomba linalovuja, kisha anayechota bila kulipa, ndipo mumwendee muuzaji.

Na mgombea huyo mkutane naye. Mwambieni mnataka mota, mabomba na kihisi, na kwamba jaribio la kusukuma maji lifanyike kwa saa 24 mwezi Oktoba, kabla pampu haijafungwa.